Mbegu ya mahindi "inayostahimili ukame": nimeilima misimu mitatu Kongwa, haya ndo niliyoyaona

Naandika hii kwa ajili ya mtu ambaye saa hizi kasimama dukani kashika paketi ya kilo mbili, imeandikwa kwa herufi kubwa INASTAHIMILI UKAME, anajiuliza elfu kumi na nne aitoe au arudi nyumbani achague magunzi mazuri ghalani apande hayohayo kama mwaka jana. Mimi nimesimama hapo mara tatu. Nalima Kongwa, Dodoma, ekari mbili zangu na moja ya mama mkwe, na mbegu ninazozisema ni zile chotara zilizotokana na mradi wa WEMA, ule wa kutafuta mahindi ya ukame kwa ajili ya Afrika, zile ambazo jina linaanza na WE halafu namba, zinauzwa na kampuni zaidi ya moja kwa hiyo sitaji kampuni wala duka, naongelea mbegu yenyewe.

Nyota nne kati ya tano. Hiyo moja nimeitoa kwa sababu ya maandishi ya paketi na sio kwa sababu ya mbegu, maana neno "inastahimili" limewatia watu hasara kijijini kwetu, watu wanasoma pale wanaelewa "haihitaji maji" halafu wanapanda kwenye kichanga kitupu bila hata tuta la kukinga maji, mahindi yakikauka wanaapa hawarudii tena. Mbegu haijawadanganya jamani, hawajaambiwa inachofanya.

Msimu wa kwanza nilipanda tarehe 28 Desemba baada ya mvua ya pili kushika. Nusu ekari mbegu ya dukani, nusu ekari mahindi yetu ya siku zote, nafasi ileile sentimita 75 kwa 30, samadi ileile, siku ileile, vibarua walewale. Dodoma mnaijua, mvua ya mwaka mzima haifiki hata milimita 600 kwa miaka mingi, inaanza Desemba inaisha Aprili, na balaa lake ni Februari, inakata katikati pale hindi likiwa linajiandaa kutoa mbelewele, lile ua la juu lenye vumbi la kuchavusha. Mwaka ule ilikata tarehe 11 Februari, siku kumi na nane hata tone.

Kuanzia siku ya nne nikawa naenda shamba kila asubuhi na kila mchana, na kitu cha kwanza nilichokiona kilinitisha kweli. Saa nne tu asubuhi mahindi ya dukani yameshajikunja majani kama ukindu, wakati yale yetu ya zamani bado yamefunguka, mama mkwe akaniambia mwanangu hii yako ya hela ndo inakufa kwanza. Nikanyamaza. Ila kesho yake alfajiri nikakuta ya dukani yamefunguka yote, majani mapana kabisa kama hayakuona jua la jana, na ilikuwa hivyohivyo kila siku, yanajikunja mapema yanafunguka mapema. Ya zamani yalikuwa yanachelewa kujikunja, na ilipofika siku ya kumi yakawa hayafunguki tena hata asubuhi, majani ya chini yakaanza kuungua kingo.

Sasa hapa ndo binti wa kaka yangu alinisaidia, anasoma SUA, chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro, alikuja likizo fupi nikampeleka shamba nikamuuliza hii mbegu inajuaje kwamba mvua imekata, maana haina macho. Akachuchumaa akashika jani akasema shangazi, ndani ya kila seli ya huu mmea kuna maelfu ya jeni, yaani maagizo ya urithi, nyingi zimelala, hazitakiwi kila siku, na kuna protini maalum ambazo kazi yake ni kwenda kuziamsha baadhi na kuziacha nyingine. Wataalamu wanaziita transkripsheni fakta. Mimi nikamwambia hao ni wapiga mbiu, akacheka akasema ndo hao hao, likilia la mgambo kuna jambo, na tangu siku hiyo nyumbani kwetu ni wapiga mbiu basi.

Alivyonieleza ni hivi, na nimemwomba baadaye anirudie mara mbili ili nisipotoshe watu. Udongo ukikauka mmea unatengeneza homoni inaitwa asidi ya absisiki, wao wanaifupisha ABA. Kwenye seli kuna vipokezi vyake, vilitambuliwa mwaka 2009 na makundi mawili ya watafiti, moja la Marekani na moja la Ujerumani. Siku za mvua kuna protini zinazowakandamiza askari fulani, ambao nao ni protini, wasifanye kazi, ABA ikifika inakaa kwenye kipokezi, kipokezi kinamshika yule mkandamizaji, askari wanaachiwa, na askari wanaenda kuwaamsha wapiga mbiu wanaoitwa AREB. Hapo mpiga mbiu anaingia kwenye DNA, yale maandishi marefu ambamo jeni zimeandikwa, anatafuta mahali penye herufi anazozijua yeye tu, anakaa hapo, na jeni iliyo jirani inaanza kazi: tengeneza protini za kulinda seli zisisagike zikikauka, tengeneza sukari za kushikilia maji. Na ABA hiyohiyo inafunga stomata, vile vitundu vidogo vya kwenye jani ambavyo maji yanatokea. Kuna kundi jingine linaitwa DREB, lenyewe halisubiri ABA, linasoma herufi CCGAC, waliolifanyia kazi kubwa ni Wajapani wawili mtu na mkewe, Kazuo Shinozaki na Kazuko Yamaguchi-Shinozaki, kuanzia miaka ya 1990.

Nilipoelewa hapo ndo nikaelewa kwa nini mahindi yangu yalikuwa yanajikunja saa nne. Kujikunja mapema siyo unyonge, ni kwamba habari imefika mapema na maji yaliyobaki yanatunzwa. Yale ya zamani yaliendelea kutumia maji kama vile mvua iko njiani, yalipokuja kushtuka kisima kimeshakauka.

Lakini kuna gharama, na hili ndo natamani liandikwe kwenye kila paketi. Stomata zikifungwa maji hayatoki, sawa, ila na hewa ambayo mmea unaitumia kupikia chakula haiingii. Kila saa ambayo mbiu inalia ni saa ya njaa. Hao Wajapani walifanya jaribio, wakachukua mmea mdogo wa maabara, arabidopsisi, wakaufanya mpiga mbiu wake mmoja wa DREB apige mchana na usiku bila kupumzika. Mmea ukastahimili ukame, chumvi na baridi, ila ukadumaa, ukawa kijimmea tu. Mwaka 1999 wakaonyesha dawa yake: mpiga mbiu awekewe ufunguo wa kuamka pale tu shida inapotokea, na mmea ukakua vizuri na ukastahimili. Kwa hiyo mbegu nzuri siyo ile yenye hofu muda wote, ni ile inayoshtuka haraka na kutulia haraka mvua ikirudi. Ndo maana nawaambia mkipima mbegu msiangalie nani kabaki kijani mchana, angalieni nani kafunguka asubuhi.

Na angalieni ndevu, zile nyuzi za gunzi zinazopokea vumbi la mbelewele ili punje zitunge. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu gunia linapotea hapo wala sio kwenye majani. Hindi likipata kiu wakati wa kuchanua, mbelewele zinatoka kwa wakati wake kama kawaida ila ndevu zinachelewa, maana ndevu zinahitaji maji na sukari ili zirefuke na vyote vimeadimika. Vumbi la mbelewele linapeperuka linaisha, ndevu zinatoka hazimkuti mtu, unapata gunzi lenye mapengo kama meno ya mzee. Kwangu mimi mbegu ya dukani ilitoa ndevu siku mbili tatu baada ya mbelewele, katikati ya kile kiangazi. Ya zamani ilichukua siku nane mpaka tisa. Binti akaniambia hiyo siyo bahati, watafiti wa CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano kule Mexico, tangu miaka ya 1970 wamekuwa wanapanda mahindi kwenye ukame wa makusudi, wanayanyima maji wakati wa kuchanua halafu wanachagua yale ambayo mbelewele na ndevu zinakaribiana, miaka nenda miaka rudi, na damu ya mahindi hayo ndo imetawanywa kwenye mbegu nyingi za ukame za huku Afrika.

Mavuno nusu ekari ya dukani yalikuwa gunia tano, ya zamani mbili na debe tatu. Shamba langu mimi, udongo wangu, mwaka ule. Sijauza hata moja, tumekula mpaka msimu uliofuata na hiyo kwetu haikuwahi kutokea tangu niolewe.

Sasa niseme kuhusu maneno ya mtaani kwamba WEMA ni GMO, yaani zao lililopandikizwa jeni maabara, maana kuna watu wananiuliza kwa wasiwasi kabisa kama naogopa kuwalisha watoto. WEMA ilianza 2008, ikisimamiwa na taasisi ya AATF yenye makao Nairobi, pamoja na CIMMYT, kampuni ya Monsanto na taasisi za utafiti za Tanzania, Kenya, Uganda, Msumbiji na Afrika Kusini. Ilikuwa na njia mbili. Njia ya kwanza ni kuzalisha chotara kwa kuchavusha kawaida, ndo hizi zinazouzwa huku, ya kwanza kabisa ilitoka Kenya 2013. Njia ya pili ilikuwa GMO kweli, ilijaribiwa hapahapa kwetu Makutupora kuanzia 2016 ndani ya uzio, baadaye serikali ikasitisha majaribio hayo, haijawahi kuingia dukani Tanzania. Na hata hiyo ya Makutupora jeni yake ilitoka kwa bakteria wa udongo na inatengeneza protini ya kunyoosha RNA, ile nakala ya maagizo ya jeni, isijikunje vibaya mmea ukiwa taabani, sio mpiga mbiu kabisa. Kwa hiyo paketi unayoshika ni chotara ya kawaida, tulia.

Halafu kuna ambao wanauliza, kama siyo GMO hao wapiga mbiu wamewekwaje humo. Hawajawekwa, wamo tangu zamani, kila hindi duniani linao, hata lile la ghalani kwangu. Tofauti ni ndogo mno na ndo inayonishangaza mpaka leo. Mwaka 2015 watafiti wa China walikuta mpiga mbiu mmoja wa mahindi anaitwa ZmNAC111, mahindi mengine yanaye ananguruma vizuri na mengine kama kazibwa mdomo, wakafuatilia wakakuta kwenye yale dhaifu kuna kipande cha herufi 82 kimejichomeka karibu na jeni yake. Herufi 82 tu! Mwaka uliofuata wakapata kinyume chake, jeni nyingine ambayo kwenye mahindi sugu imechomekewa herufi 366 mbele yake, na ndani ya hizo kuna sehemu ambazo wapiga mbiu wa ukoo wa MYB wanaweza kukaa, kwa hiyo ukame ukija jeni inaamka. Mazao yameokoka au yamekufa kwa sababu ya kipande kidogo hivyo. Na mzalishaji wa mbegu aliyekuwa anachagua kwa macho na mizani shambani alikuwa anachagua vipande kama hivyo bila kuviona, vingi kwa pamoja, kila kimoja kinasaidia kidogo.

Hiyo ndo sababu usitegemee mbegu ya ukame ifanye muujiza. Kwenye mpunga kuna bahati moja adimu, mpiga mbiu anaitwa SUB1A, alitoka kwenye mpunga wa kienyeji wa jimbo la Odisha kule India, FR13A, yeye peke yake anaufanya mpunga uliofunikwa na mafuriko utulie usirefuke, usimalize nguvu, ukae chini ya maji kama wiki mbili halafu maji yakishuka uchipue. Mmoja tu anabeba mzigo wote. Wakamhamishia kwenye mpunga unaopendwa kule wa Swarna kwa kuchavusha kawaida na wakulima wakaupokea kuanzia 2009. Nyinyi wa Kilombero na Rufiji mtakuwa mnaelewa thamani ya hiyo kitu. Kiu ya mahindi haina mmoja wa namna hiyo, ni baraza zima, na baraza lina mipaka yake.

Mipaka yenyewe niliiona msimu wa tatu, ila kabla sijafika huko nimalize wa pili maana huo ulinipa uchungu. Msimu wa pili nilichelewa, duka nililozoea likaishiwa, nikaenda kununua kwingine, paketi inafanana, rangi ya mbegu ni ileile ya waridi. Ikaota nne katika kila mashimo kumi. Nikaloweka zilizobaki kwenye maji, rangi ikatoka yote kwenye dakika chache, chini yake mahindi ya kawaida ya kula, mengine yametobolewa na dumuzi. Nilikaa chini palepale kwenye kizingiti. Kumbe paketi haikuwa na lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha mbegu, ile lebo ya kukwangua, mimi nilikuwa siiangalii kabisa, sikujua hata kazi yake. Tafadhali msinunue paketi isiyo na hiyo lebo, ikwangue, tuma namba kwa simu kabla hujatoka dukani, subiri jibu ukiwa umesimama palepale. Walioko Kenya na nyinyi mna stika ya KEPHIS, wakaguzi wa mbegu wa huko, fanyeni hivyohivyo. Na msirudie kupanda mavuno ya chotara mkidhani mmepata mbegu ya bure, kizazi cha pili kinagawanyika, kila mche na tabia yake, ule mpangilio wote mliolipia unavurugika.

Msimu wa tatu lebo ilikuwepo, mbegu halali, ikaota karibu yote. Mvua ikakata wiki ya pili baada ya kuota na haikurudi kwa siku ishirini na sita, na jua lile la mwaka ule, mchana ukiweka mguu kwenye mchanga bila ndala unarudi mbio. Mahindi yakafa. Yote ya dukani na yote ya zamani. Mtama wa mama mkwe shamba la pili ukasinyaa ukasimama, mvua iliporudi ukaendelea, akavuna. Nikampigia binti nikiwa na hasira nikamwambia wapiga mbiu wako wamelala. Akaniambia shangazi hawakulala, ila mbiu inaita watu kazini, haileti maji, mche wa wiki mbili mzizi wake ni mfupi hauna pa kuchota, na umechaguliwa kwa ukame wa wakati wa kuchanua sio wa utotoni.

Kingine alichonieleza sikuwahi kukisikia kwa bwana shamba hata mmoja: joto na kiu ni mashauri mawili tofauti. Joto lina wapiga mbiu wake, wanaitwa HSF. Siku za kawaida wanashikiliwa na protini walezi, zile zinazonyoosha protini nyingine zilizopinda. Joto likipanda protini nyingi zinapinda kwa mpigo, walezi wanakimbilia huko, HSF wanaachiwa, wanaungana watatu watatu, wanaenda kupiga mbiu ya kutengeneza walezi zaidi. Mashine nyingine kabisa na ile ya ABA. Na watafiti wa CIMMYT walipopima mahindi mengi kwenye ukame peke yake, joto peke yake na vyote kwa pamoja, mwaka 2013 wakaandika kwamba kustahimili ukame na joto kwa pamoja ni tabia nyingine, hindi linaloshinda kiu linaweza kuanguka vikija viwili. Paketi yangu iliandika ukame. Haikuandika joto, na Dodoma ya siku hizi vinakuja vimeshikana mikono. Kwa hiyo kampuni za mbegu kama mnasoma, andikeni: inastahimili ukame wa wakati gani, wa siku ngapi, na kwenye joto ikoje. Mistari mitatu. Mkulima wa Kongwa anajua kusoma na ana haki ya kujua anacholipia.

Bei ni kubwa kwa mtu wa hali yangu, kilo mbili zinatosha kama robo ekari, ekari nzima ni paketi nne mpaka tano, hiyo ni hela ya ada ya muhula. Viwavijeshi haikuvizuia, inabidi upige dawa kama kawaida. Ladha ya ugali ni nzuri, kuchoma pia, gunzi linafunikwa vizuri na maganda mpaka nchani kwa hiyo ndege na maji haviingii, hilo limenifurahisha.

Msimu huu nimenunua paketi mbili tu, nimekwangua lebo zote mbili mbele ya muuzaji. Nimechimba matuta ya kukinga maji shamba lote la chini, nimeweka samadi kwenye mashimo, na ekari ya juu yenye kichanga nimemrudishia mama mkwe aweke mtama wake kama alivyotaka tangu mwanzo. Nilipanda tarehe 3 Januari. Binti kanitumia daftari la mistari, safu moja ya tarehe ya mbelewele na safu moja ya tarehe ya ndevu, miche ishirini nimeifunga vitambaa vyekundu ili nihesabu ileile kila siku. Jana saa nne na nusu yalikuwa yameshaanza kujikunja, na leo alfajiri nimeyakuta yamefunguka.